Bakuli Lisilozama

Nizwa, 3 Oktoba 1998

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Mimi ni mzima, sina la kulalamika ila goti lako. Baba kanambia kwa simu kwamba umekataa tena kwenda hospitali na kwamba umejipaka mafuta ya habasoda mpaka nyumba nzima inanuka. Mimi sitii neno. Nimehamia chumba kipya karibu na soko, na mwenye nyumba ana mbuzi anayekula magazeti kabla mimi sijayasoma. Naandika barua kama ulivyoniamrisha, tena kwa Kiswahili, maana ulisema simu ni ya salamu tu na Kiswahili changu kinaota kutu.

Sasa habari ya kazi. Ile nyumba kongwe niliyokwambia, iliyotengenezwa iwe makumbusho, imefunguliwa. Watu wanaingia, wanatazama mitungi nyuma ya kioo, wanapiga miayo, wanatoka. Mkuu wetu akaniuliza mimi niliyesoma fizikia nina faida gani katikati ya mitungi. Nikamwambia tuwaache watu washike. Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao kila Alhamisi ni siku ya familia. Baba, mama, watoto na mababu wanakuja pamoja, na kila kitu cha zamani kinapewa swali lake. Kwa nini mtungi unapoza maji? Kwa nini nyumba ya udongo ina ubaridi saa nane mchana? Hakuna anayewapa jibu. Wanajaribu wenyewe mpaka walipate.

Bibi, ninalitaka lile bakuli la shaba la Babu Suud, Mungu amrehemu. Lile alilokuwa akigawia maji ya mfereji wa falaji siku za mawingu. Nilipokuwa mdogo nilikuona ukilitoa sandukuni, limefungwa kwenye kilemba chake cha zamani, ukalirudisha haraka. Nitalitunza kama jicho. Na jambo jingine: kwa nini Babu aliacha kazi ile ya maji? Baba hajui. Kila nikimuuliza ananiambia nikuulize wewe.

Mjukuu wako,
Rawya


Ibra, 22 Oktoba 1998

Mke mwenzangu Rawya,

Marahaba, na wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sababu ya makosa. Goti langu ni langu, mwambie baba yako aangalie magoti yake. Tende za mwaka huu zimekuwa tamu kupita kiasi, nimekuwekea kopo moja, usimpe mbuzi. Mtoto wa jirani kaposwa. Paka kazaa kwenye sanduku la viatu vya baba yako na hajui bado.

Hilo bakuli silioni. Vitu vimehamishwa sana humu ndani. Lakini nakuletea mtungi wa mama mkwe wangu, ambao ni mkongwe kuliko bakuli na una adabu zaidi. Humoud wa teksi ataupitisha kwako Jumatano, nimeufunga kwa godoro la mtoto.

Kama unataka kujua bakuli lilivyofanya kazi, hilo naweza kukwambia bila bakuli lenyewe. Siku za jua wazee walisoma kivuli cha kijiti palepale mferejini. Wingu likitanda, kivuli hakuna, basi mgawa maji huweka karai limejaa maji, na juu yake huelea bakuli la shaba lenye tundu chini, jembamba kama limetobolewa kwa sindano ya kushonea kofia. Maji yanaingia kidogo kidogo, bakuli linazama, *tumm*. Hiyo ni athar moja, yaani nusu saa ya maji. Basi anapiga ukelele, mfereji unafungwa shamba hili, unafunguliwa shamba la pili. Saa za mkono zilikuwepo wakati huo, lakini kila mzee alikuwa na saa yake na kila saa ilikuwa na dunia yake, na hakuna aliyekubali kunywesha mitende yake kwa saa ya mwenziwe.

Babu yako aliacha kazi ile kwa sababu aliiacha. Kula vizuri.

Mke mwenzio,
Mahbouba


Nizwa, 15 Novemba 1998

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Tende zimefika, mbuzi hakuzigusa, nilizila mwenyewe kwa siku nne. Hongera za paka. Baba kanipigia simu kwa hasira, kwa hiyo keshajua.

Mtungi wako umekuwa nyota wa makumbusho. Tuliuweka pamoja na mtungi mwingine wa aina ile ile, ule wa pili tukaufunga nailoni nje. Tukajaza maji sawasawa tangu asubuhi. Saa tano familia zikatia mikono. Wako ulikuwa baridi, ule wa nailoni vuguvugu. Mzee mmoja akasema ni baraka ya udongo. Mkewe akamwambia, "Udongo ni mmoja, angalia nje!" Akapitisha kiganja kwenye mtungi wako, kikatoka na majimaji. Kutoka hapo wakafika wenyewe: mtungi unatoka jasho, upepo unalichukua jasho, na joto linaondoka nalo. Watoto wakaanza kulamba mikono yao na kuipuliza. Bibi, nilitamani uwepo.

Kwa kuwa bakuli halionekani nimemwomba fundi wa shaba hapa sokoni anitengenezee mfano. Tundu la kwanza lilizamisha bakuli kwa dakika kumi na moja. La pili dakika arobaini. Fundi keshaanza kujificha akiniona.

Lakini lipo jambo limeniuma. Alhamisi iliyopita alikuja mzee na wajukuu zake, jina lake Hashil. Anasema ni wa kijijini kwetu, shamba lake lilipakana na letu, sasa anakaa Nizwa kwa mwanawe. Aliona mfano wa bakuli, akauliza nimejulia wapi. Nikasema kwa fahari kwamba babu yangu Suud alikuwa mgawa maji. Akasimama. Akasema mbele ya watu wote, "Wallahi, babu yako aliiba maji yangu kwa bakuli kama hili, akasema alisinzia." Kisha akawashika watoto mikono akatoka.

Nilibaki nimesimama na fimbo ya kuelekezea. Bibi, ni kweli? Babu aliyekuwa akirudisha dukani hata ndimu iliyozidi?

Rawya


Nizwa, 9 Desemba 1998

Bibi,

Shikamoo. Hujanijibu. Humoud anasema u mzima na umemkaripia kwa sababu ya matairi yake, kwa hiyo najua si ugonjwa. Ramadhani inakaribia. Nisamehe kama nimekuudhi, lakini swali langu bado lipo.

Rawya


Ibra, 29 Desemba 1998

Mke mwenzangu,

Marahaba. Ramadhani njema, Mungu azipokee funga zetu. Mimi nafunga vizuri, goti ndilo linalotaka kula. Baba yako kaleta televisheni kubwa, sasa watu hawaongei baada ya tarawehe, wanaangalia tu.

Nimekuwa na shughuli. Usicheke. Nilichukua kopo la samli tupu, nikalitoboa chini kwa msumari wa viatu, nikaliweka juu ya maji kwenye karai uani. Nikaangalia saa ya ukutani. Dakika tisa, likazama. Nikarudia, dakika tisa. Nikajiambia, Mahbouba, una wazimu, umri huu na makopo. Nikarudia mara ya tatu.

Kisha nikakumbuka babu yako alikuwa akisema kwamba bakuli huwa zito la kuamka siku za baridi, linachelewa kidogo. Nikatia maji ya birika, yenye moto wa kuvumilika. Likazama kwa dakika nane na kitu! Kopo ni lile lile, tundu ni lile lile. Kwa nini maji ya moto yana haraka? Niambie wewe uliyelipiwa masomo.

Nina maswali mengine mawili. Nililiziba tundu kwa nta. Kopo likakaa juu tangu alasiri, halikwenda popote. Magharibi ikaadhiniwa nikafungua kwa tende mbili huku nalitazama, na futari ikapoa. Je, litakaa hivyo hivyo siku zote? La pili: mtu aliyekaa karibu na karai, akiliangalia bakuli kwa juu tu, anaweza kujua kwamba tundu limezibwa?

Jibu haya. Habari ya Hashil niachie kwanza.

Mahbouba


Nizwa, 11 Januari 1999

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Una kipaji kuliko nusu ya watu niliosoma nao, na wao walikuwa na mashine.

Majibu yako haya. Maji baridi ni mazito kidogo kuliko maji ya moto, si kwa mizani, kwa mwendo. Yanajivuta, kama samli na mafuta ya kupikia. Tundu likiwa jembamba sana, uvivu huo unaonekana. Babu alikuwa sahihi, na nadhani alilitambua kwa kukaa na kutazama tu. La pili: kopo lililozibwa litaelea mpaka liote kutu litoboke lenyewe, au mtu alipige teke. La tatu: hapana. Kwa juu mabakuli yote ni mamoja. Lazima uligeuze na upapase kwa kidole.

Mzee Hashil ametuma salamu kwamba wajukuu wake wanataka kuja tena Alhamisi ya tarehe 18 Februari, na atawaleta yeye. Kwa hiyo nimeamua: bakuli naliondoa. Mfano wenyewe sasa unazama kwa dakika thelathini kamili, fundi alipata tundu sawasawa kwa sindano ya kofia kama ulivyosema, na ningeweza kuuonyesha kwa fahari. Lakini sitaki jina la Babu lisemwe vile tena mbele ya watoto wa watu. Nitaweka mizani ya tende. Mizani haina ugomvi na mtu.

Mjukuu wako,
Rawya


Ibra, 4 Februari 1999

Rawya,

Usiliondoe.

Humoud anakuletea kifurushi. Nimemwambia akikitikisa nitamlaani yeye na matairi yake. Ndani ni bakuli. Halikupotea hata siku moja, lilikuwa sandukuni, na nilikudanganya. Baba yako nimemsimulia jana, sasa nakusimulia wewe.

Tulipofika hapa kutoka Tabora mwaka wa sabini na nne, babu yako alikuwa anarudi kwao. Mimi nilikuwa nakuja ugenini. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, na falaji nilikuwa nimeisikia kwenye hadithi tu. Wanawake hapa walikuwa wema, lakini kila nikikosea, hata nikifunga shela upande, walisema, "Mwacheni, huyu wa Afrika, hajui." Nikawa siulizi kitu. Mtu akichekwa mara kumi anajifunza kunyamaza, na kunyamaza ndiko kulikoniponza.

Siku moja wageni wa mama mkwe wangu walikuja ghafla. Nikavuta bakuli la shaba kutoka rafuni, zuri, zito, nikatia samli nikapeleka. Samli ikachuruzika mkekani mbele ya watu wote. Wakacheka. Sikumwambia mtu. Wiki ile alipita fundi mgeni, wale wa kutia bati masufuria mlango hata mlango, hakuwa wa huku na hakujua habari za maji. Nikampa bakuli pamoja na sufuria mbili. Akaziba tundu kwa tone la lehemu, akasugua vizuri. Nikaliosha, nikalirudisha pale pale rafuni, nikajisifu moyoni kwamba nimetengeneza kitu cha nyumba.

Januari ya sabini na sita yakaja mawingu. Ilikuwa zamu yetu, na baada yetu ni zamu ya Hashil. Babu yako akachukua bakuli, akakaa karibu na karai anasoma Kurani, akingojea lile *tumm*. Ulisema mwenyewe, kwa juu mabakuli yote ni mamoja. Wingu likapasuka, kivuli kikasomwa, na Hashil alipokuja anakimbia, zamu yake yote ilikuwa imeingia kwenye mitende yetu, na mwenye zamu ya tatu, kwa kivuli kile, keshafungua. Zamu za falaji yetu huzunguka kila siku tisa. Miche yake ya vitunguu ilikaa siku kumi na nane bila tone, ikafa yote. Babu yako akasema alisinzia. Akampa Hashil zamu yetu iliyofuata, Hashil akakataa, akasema maji ya mwizi hayaingii shambani mwake. Ndipo babu yako akaiacha kazi iliyokuwa ya baba yake na babu yake.

Mimi nikayasikia yote kutoka kwa wanawake. Nikajua palepale. Alirudi nyumbani, akalifunga bakuli kwa kilemba chake, akalitia sandukuni, akasema, "Hili lipumzike." Hakuniuliza kitu. Na mimi sikusema kitu. Niliogopa watasema wa Afrika kamharibia mumewe, na niliogopa atasema kweli. Nikangoja wakati mzuri wa kumwambia. Nilingoja miaka kumi na minane, kisha akafa.

Kitu kinachonila, mke mwenzangu, si Hashil. Ni kwamba sijui kama babu yako alijua. Labda aliamini kweli kwamba alisinzia na akajilaumu mpaka kaburini kwa kosa langu. Nikiliwaza hilo silali.

Siku ya familia liweke bakuli. Usilifungue tundu. Waache walione. Na mtu akiuliza nani aliziba, taja jina langu mbele yao wote, kama alivyotajwa yeye.

Mahbouba


Nizwa, 20 Februari 1999

Bibi yangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti. Bakuli lilifika salama, Humoud alilipakata kama mtoto mchanga na aliendesha kwa mkono mmoja. Nilipolifungua kilemba kilikuwa bado na harufu ya Babu. Nililia kwanza, ndipo nikaenda kazini.

Nakuandikia yaliyotokea yote bila kuruka.

Niliweka makarai mawili, maji sawasawa. Katika moja mfano wenye tundu, katika jingine bakuli la Babu. Sikueleza kitu. Nilisema tu, "Mabakuli kama haya yaligawa maji. Ngojeni muone, kisha mniambie mmeona nini." Zilikuja familia saba. Mzee Hashil alikaa kwenye kiti nyuma, mikono juu ya bakora, haniangalii.

Dakika thelathini ni nyingi kwa watoto, lakini hakuna aliyeondoka. Wengine walikuwa wakiweka dau kwa njugu. Mfano ukaanza kuinama, maji yakafika ukingoni, ukazama. Watoto wakapiga kelele, mama mmoja akapiga kigelegele. Kisha wote wakageukia la pili. Likaelea. Dakika thelathini na tano, arobaini. Mmoja akasema shaba yake ni nyepesi, tukazipima kwa mizani, ya Babu ilikuwa nzito zaidi. Mwingine akasema maji yake yana chumvi, tukabadilisha makarai. Likaelea. Mzee Hashil alikuwa keshavuta kiti mbele.

Anaye mjukuu, msichana wa miaka tisa, anaitwa Nouf. Akanyoosha mkono, akalitoa bakuli majini, akaligeuza, akapitisha kidole. Akasema, "Babu, limezibwa. Hapa, shika."

Bibi, yule mzee alilipokea kwa mikono miwili. Akapapasa kwa kidole gumba, akarudia, akarudia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hili ndilo lenyewe? La Suud?" Nikasema ndilo. "Nani aliziba?" Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Bibi yangu Mahbouba. Alikuwa mgeni, hakujua kazi ya tundu, na aliona haya kuuliza. Babu hakusinzia na hakuiba."

Kisha akasema, na haya ni maneno yake, niliyaandika siku ile ile: "Nilikuwepo, binti yangu. Nilisimama juu ya bakuli hili nikipiga kelele, na sikuligeuza. Suud aliligeuza. Mimi namtukana, yeye akalitoa majini, akapapasa chini kwa kidole gumba, hivi nilivyofanya mimi sasa. Akatazama upande wa nyumba yake. Ndipo akaniambia, 'Nisamehe Hashil, nilisinzia.' Miaka yote nilidhani alikuwa anatafuta uwongo wa kusema."

Alifuta uso kwa ncha ya kilemba. Nouf akamuuliza kwa nini analia, akamwambia kwamba ana umri wa miaka sabini na amefundishwa leo na mtoto wa miaka tisa kugeuza bakuli.

Anataka kuja Ibra kukuona. Nimemwambia nitakuuliza kwanza.

Mjukuu wako na mke mwenzio,
Rawya


Ibra, 6 Machi 1999

Mke mwenzangu,

Marahaba. Sisi wazima, goti limepoa kidogo, au nimelisahau.

Hashil hakungoja ruhusa yako. Alikuja juzi na yule mtoto. Alisimama mlangoni anaomba radhi, mimi nasimama ndani naomba radhi, mpaka baba yako akatuambia tuingie au tutoke, chakula kinapoa. Alikula wali kwangu. Kisha alikwenda makaburini na baba yako, akakaa huko mpaka alasiri. Mtoto alibaki na mimi. Tulizamisha makopo matano. Anataka kujua kama kopo litazama upesi zaidi kwenye maziwa, na mimi nataka kujua pia, basi tuandikie.

Kwa hiyo alijua. Nimekisoma kipande kile cha barua yako mpaka karatasi imelegea. Alipapasa, akaelewa, akatazama nyumbani. Miaka kumi na minane alikula chakula changu, akanisifia samli yangu mbele ya watu, akamtangulia Hashil kwa salamu kila Ijumaa, na hakusema hata neno la kunichoma. Mimi nilidhani namficha yeye, kumbe yeye ndiye alikuwa ananificha mimi. Nimelia sana, Rawya, lakini jana nimelala mpaka alfajiri.

Bakuli likae huko huko kwenye siku zenu za familia, watoto waligeuze. Baba yako anasema mkuu wenu anataka fundi aitoe lehemu ili lirudi kufanya kazi. Mwambie Bi Mahbouba amekataa. Mwambie linafanya kazi.

Mke mwenzio,
Mahbouba binti Mbarak, wa Tabora